KUSIKILIZA KABLA YA KUHUKUMU
Namna Mshauri Nasaha Amsaidiavyo Mtu Mmoja, Mume na Mke, na Jamaa Nzima



Katika kila mtaa yupo mtu ambaye watu humwendea nyumba zao zinapochafuka. Huenda akawa sheikh, mwalimu, mzee wa ukoo, au jirani tu mwenye sifa ya kutunza siri. Huenda mtu huyo ni wewe. Mume huja na malalamiko juu ya mke, mke huja na yake juu ya mume, mzazi huja amemshika mtoto mkono na kusema, "Mtoto huyu amenishinda." Na wote hutazamia jambo moja, kwamba yule waliyemwendea atamke nani mwenye haki na nani mkosaji.

Somo letu la leo lahusu mtu ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu wa namna hiyo, lakini hatoi hukumu hiyo. Huyu huitwa mshauri nasaha, na kazi yake huitwa unasihi. Msingi wa kazi yake ni elimu ya nafsi, yaani saikolojia, nayo imekua sana tangu miaka ya 1940 hata leo. Tunataka kueleza jambo moja kubwa katika kazi hiyo. Kabla ya kutoa shauri lolote, mshauri nasaha hujiuliza: Shida hii imekaa wapi? Je, imo ndani ya mtu mmoja, au kati ya watu wawili, au katika mpango wa nyumba nzima? Asiyejiuliza swali hili aweza kumtibu mtoto hali ugonjwa uko kwa wazazi. Au aweza kuwapatanisha mume na mke hali mmoja wao yumo katika hatari ya kuumizwa.

MSULUHISHI NA MSHAURI NASAHA

Yafaa kwanza tutofautishe kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Wazee wetu wamesuluhisha ndoa tangu zamani. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yafundisha kwamba ikihofiwa mfarakano kati ya mume na mke, awekwe mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Na nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambayo kwa kawaida shauri hupelekwa huko kabla mahakama haijaombwa kuvunja ndoa.

Kazi hiyo ni njema na yahitajika. Lakini msuluhishi huuliza, "Jambo hili liishe vipi?" Mshauri nasaha huuliza, "Kwa nini jambo hili haliishi?" Msuluhishi hukutana na watu mara moja au mbili, akatoa uamuzi. Mshauri nasaha hukutana nao pengine kila juma, kwa muda wa kama dakika 50, hata wenyewe wajue ni kitu gani kinachowarudisha kwenye ugomvi ule ule. Wote waliopata kusuluhisha watakubali kwamba ziko nyumba ambazo husuluhishwa leo, na baada ya mwezi zinarudi na kesi ile ile ikiwa imevaa nguo nyingine. Nyumba za namna hiyo hazikukosa uamuzi; zimekosa kufahamika.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Ili somo lieleweke, tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya kufundishia, lakini mambo yaliyomo hutokea katika nyumba nyingi.

Yuko kijana wa miaka 13 ambaye kwa majuma sita hakwenda shule. Kila asubuhi hulalamika kwamba tumbo lamwuma. Daktari amempima na hakuona ugonjwa. Jioni tumbo hupoa, na siku za mapumziko haliumi kabisa. Mama yake husema mtoto ni mgonjwa. Baba yake husema ni mvivu, na kwamba mama ndiye anayemharibu. Bibi mzaa baba, ambaye anaishi nao, husema mtoto ameonewa na jicho la watu. Basi baba amempiga, mama amembembeleza, na bibi amempeleka kwa mganga. Hapana lililofaa. Sasa mama amekujia wewe na kusema, "Zungumza na mwanao huyu, labda wewe atakusikia."

Ungefanya nini? Wengi wetu tungeanza pale pale kumwusia kijana juu ya faida za elimu. Tutazame mshauri nasaha angefanyaje.

NJIA YA KWANZA: KUKAA NA MTU MMOJA

Mmoja wa walioweka nguzo za njia hii ni Carl Rogers (1902–1987), Mmarekani, ambaye katika ujana wake alisoma chuo cha dini mjini New York kabla ya kugeukia elimu ya nafsi. Tangu mwaka 1928 alifanya kazi kwa miaka 12 katika mji wa Rochester, akishughulika na watoto wenye shida. Mwaka 1957 aliandika makala mashuhuri akieleza masharti yanayomwezesha mtu kubadilika anapozungumza na mwenzake. Matatu kati ya masharti hayo yamhusu mshauri mwenyewe:

Kwanza, awe mkweli. Asivae uso wa upole hali moyoni amekasirika au amechoka.

Pili, amheshimu aliye mbele yake pasipo masharti. Maana yake si kwamba ayasifu matendo yake yote. Maana yake ni kwamba mtu yule asilazimike kuwa mwema kwanza ndipo asikilizwe.

Tatu, ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya msemaji, kisha amrudishie maana aliyoielewa ili msemaji aisahihishe. Mwanamke akisema, "Nimechoka na nyumba hii," mshauri hamwambii, "Subira huvuta heri." Aweza kumwambia, "Naona kana kwamba unafanya kazi nyingi, na hapana anayeiona." Akiwa amefahamu, mwanamke ataendelea mwenyewe. Akiwa hakufahamu, mwanamke atasema, "Siyo kazi, ni maneno," na hapo mlango mwingine umefunguka.

Rogers alisimulia jambo lililomfunza mengi katika miaka yake ya Rochester. Alikuwa akikutana na mama mmoja mwenye mtoto mkorofi. Yeye Rogers alikwisha kuamua kwamba chanzo ni mama huyo kumkataa mtoto alipokuwa mdogo, na katika vikao vingi alijaribu kumwonyesha hivyo. Haikufaa. Mwishowe wakakubaliana kwamba wamejaribu na wameshindwa, waachane. Mama akainuka, akafika mlangoni, kisha akageuka na kuuliza kama hapo hupokewa watu wazima pia. Alipoambiwa ndiyo, akarudi kitini, akaanza kumwaga huzuni yake juu ya ndoa yake. Hayo hayakufanana hata kidogo na habari alizokuwa akizieleza kabla. Tangu hapo msaada wa kweli ulianza, na baadaye mtoto pia alinufaika.

Tazama, ndugu msomaji. Mwanamke yule alikuja na jina la mtoto mdomoni, na jeraha la ndoa moyoni. Lau angezuiwa na mafundisho mengi, jeraha lile lisingeonekana.

Mtaalamu mwingine, Aaron Beck (1921–2021), daktari wa akili mjini Philadelphia, aliona katika miaka ya 1960 kwamba mtu aliyezama katika huzuni hupitiwa na mawazo ya haraka ambayo huyakubali bila kuyapima: kwamba yeye hafai, kwamba ulimwengu ni mbaya kwake, na kwamba kesho haitakuwa bora. Mshauri afuataye njia ya Beck humfundisha mtu kulishika kila wazo kama hilo, aliandike, na aulize ushahidi wake uko wapi. Mtu aliyefeli mtihani mmoja na kusema, "Mimi nimefeli katika kila kitu," hufundishwa kuhesabu mambo yaliyomo katika hicho "kila kitu".

Sasa tumrudie kijana wetu. Mshauri nasaha amekaa naye peke yake. Kwanza ameuliza habari za shule, maana huenda yuko anayemtesa huko, au mwalimu anayemwogopa. Hapana. Kijana anakaa kimya sana, na mshauri haogopi ukimya huo. Mwisho kijana anasema, "Nikiwa shuleni sijui nyumbani kuna nini." Polepole habari inatoka. Usiku mmoja alimsikia baba akisema ataondoka, na asubuhi yake akaona nguo za mama zimefungwa katika kanga. Tangu siku hiyo tumbo lilianza. Tumbo hilo lauma kweli, wala kijana si mwongo wala si mvivu. Amejifanya mlinzi wa nyumba, akidhani maadamu yeye yupo, hapana atakayeondoka.

Hapa mshauri ametambua kwamba shida haikukaa ndani ya kijana peke yake. Kwa ruhusa ya kijana, na bila kufichua yale aliyoombwa ayafiche, anawaita wazazi.

NJIA YA PILI: KUKAA NA MUME NA MKE

Jambo la kwanza ambalo mshauri mwangalifu hufanya ni kuonana na kila mmoja peke yake, walau mara moja, na kuuliza kwa maneno wazi: Je, kuna kupigwa katika nyumba hii? Je, unamwogopa mwenzio? Sababu yake ni kubwa. Mke anayepigwa hawezi kusema kweli mbele ya ampigaye. Na akiisema, huenda akailipia usiku ule ule. Ikiwa kuna kipigo na hofu, vikao vya pamoja havifai kuanza. Linalotangulia ni usalama wa anayeumizwa: mahali pa kukimbilia, jamaa wa kumpokea, na vyombo vya sheria. Ile Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 tuliyoitaja imetamka wazi kwamba hapana mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya mwili. Kwa hiyo mtu amwambiaye mwanamke aliyevunjwa mkono, "Rudi, ukavumilie," hakusuluhisha kitu. Amemrudisha kwenye hatari, na sehemu ya dhamana ni yake.

Ikiwa hofu hiyo haipo, basi wawili hukaa pamoja, na hapo mshauri hamtazami mume wala mke. Hutazama kile kinachopita kati yao. John Gottman, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942, pamoja na mwenzake Robert Levenson, waliwaweka mume na mke wazungumze juu ya jambo wanalogombania, huku vyombo vikipima mapigo ya mioyo yao. Katika uchunguzi wake wa miaka mingi Gottman alitaja alama nne zinazobashiri ubaya kwa ndoa:

1. Kushutumu nafsi ya mtu badala ya tendo lake. Kusema, "Jana ulichelewa bila kuniarifu, nikaingiwa na hofu," ni malalamiko, na malalamiko hayavunji nyumba. Kusema, "Wewe ni mtu usiyejali," ni shutuma.

2. Dharau: kubeza, kuigiza sauti ya mwenzio, kubinua mdomo, kumwita majina. Gottman aliiona hii kuwa mbaya kuliko zote.

3. Kujitetea kwa kila neno, hata lile la kweli.

4. Kujifunga kimya kama ukuta, mwenzio akisema hata achoke.

Aliona pia kwamba katika ndoa zilizo imara, hata wakati wa kubishana, mambo mema kati ya wawili, kama kuitikia, kutabasamu na kukiri neno la mwenzio, huyazidi mabaya kwa kadiri ya matano kwa moja. Tena aligundua kwamba kupita kidogo theluthi mbili ya mabishano ya mume na mke hayaishi kabisa, kwa kuwa yatokana na tofauti za tabia. Ndoa njema huwa nayo pia. Ila wenyewe hujifunza kuyazungumza bila kuumizana. Na mtu ambaye moyo wake unadunda kwa hasira, kupita mara 100 kwa dakika, hasikii vizuri tena. Basi yafaa waache maneno kwa muda usiopungua dakika 20, kisha warudi. Msomaji atakumbuka kwamba mafundisho ya Mtume s.a.w. yamwelekeza mwenye hasira akae kama amesimama, na alale kama hasira haikuondoka. Mwili ukitulia, sikio hufunguka.

Mtaalamu mwingine, Sue Johnson (1947–2024), aliyefanya kazi nchini Canada, pamoja na Leslie Greenberg, walianzisha katika miaka ya 1980 njia ya kutafuta hisia iliyofichika chini ya ugomvi. Mara nyingi huonekana duara hili: mmoja afuata, mwingine akimbia. Kadiri huyu anavyopaza sauti ili asikiwe, ndivyo yule anavyojitenga ili apate amani. Na kadiri yule anavyojitenga, ndivyo huyu anavyozidi kupaza sauti. Kila mmoja asema, "Yeye ndiye aliyeanza," na kila mmoja ana haki kwa upande wake. Mshauri huwaonyesha kwamba adui yao ni duara lenyewe.

Katika nyumba ya mfano wetu mambo ndivyo yalivyo. Baba alipunguziwa mshahara mwaka uliopita, akaona aibu kusema. Akawa anarudi usiku na kukaa kimya. Mama alidhani ana mwanamke mwingine, akaanza kumhoji kila siku. Baba akajitenga zaidi, na usiku mmoja akasema, "Afadhali niondoke." Katika kikao cha tatu mshauri anamwuliza baba, "Unaponyamaza, moyoni kuna nini?" Anajibu, "Aibu." Mkewe hakuwa amelisikia neno hilo hata siku moja. Alikuwa tayari kwa vita na mwongo. Hakuwa amejua kwamba anaishi na mtu mwenye aibu.

NJIA YA TATU: KUKAA NA JAMAA NZIMA

Wako walioona kwamba hata kuwatazama wawili hakutoshi. Murray Bowen (1913–1990), daktari wa akili wa Marekani, katika miaka ya 1950 aliwaweka hospitalini wagonjwa wa akili pamoja na jamaa zao, ili awatazame wote kwa pamoja. Miongoni mwa mafundisho yake ni lile la pembetatu: watu wawili wanapozidiwa na uzito kati yao, humvuta wa tatu ili uzito upungue. Wa tatu huyo aweza kuwa mtoto, mama mkwe, au hata wewe msuluhishi. Katika njia hii mshauri huchora jamaa kwenye karatasi kwa vizazi vitatu, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, pamoja na vifo, talaka na safari. Mara nyingi mchoro huo husema yale ambayo watu hawayasemi.

Virginia Satir (1916–1988), aliyechapisha mwaka 1964 kitabu mashuhuri juu ya tiba ya jamaa, alifundisha kwamba yule aitwaye mgonjwa katika nyumba mara nyingi ni yule tu aliyebeba maumivu ya wote mahali panapoonekana. Alitaja pia namna nne za watu kujificha wakati wa taabu: yuko anayebembeleza kila mtu, yuko anayelaumu, yuko anayetoa hoja baridi kana kwamba hana moyo, na yuko anayepotosha maneno kwa mzaha. Msomaji ajipime mwenyewe ni yupi kati ya hao.

Salvador Minuchin (1921–2017), mzaliwa wa Argentina, alishughulika na vijana wa mitaa ya mafukara mjini New York, kisha akaongoza kituo cha watoto mjini Philadelphia. Yeye alitazama mipaka ndani ya nyumba. Ziko nyumba ambazo mipaka imepotea: mmoja akipiga chafya wote huugua, na mtoto huwa mshauri wa mama yake. Ziko nyingine ambazo mipaka ni kuta za mawe: mtu aweza kuanguka na hapana ajuaye. Aliwaona pia watoto waliobebeshwa kazi ya uzazi kabla ya wakati wao, jambo ambalo wengi wetu twalijua kwa vifungua mimba wetu. Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi mema. Hatari huja anapokuwa na mzigo wa mzazi bila mamlaka ya mzazi na bila mtu wa kumtua.

Minuchin alikuwa na desturi ya kubadilisha viti. Mtoto akiketi kati ya baba na mama, humwomba ahame, na wazazi wasogee wakae pamoja. Mshauri wa nyumba yetu afanya vivyo hivyo. Bibi amealikwa naye, kwa heshima inayompasa, akasalimiwa kwanza na kuulizwa kwanza. Anaeleza kwamba yeye mwenyewe aliachwa na mumewe akiwa na watoto wanne, na kwamba kila asikiapo ugomvi usiku hukumbuka siku hiyo. Baba hakuwa amepata kulisikia hilo kinywani mwa mama yake. Kisha baba na mama, wakiwa wamekaa pamoja, wanamwambia kijana kwa kinywa chao: "Mambo yetu tutayashughulikia sisi. Kazi yako ni kwenda shule." Wanapatana na mwalimu kwamba juma la kwanza kijana aende kwa saa chache, na kwamba baba ndiye atakayempeleka. Maneno hayo angeweza kuambiwa na mtu yeyote tangu siku ya kwanza. Lakini yasingemfaa mpaka yatoke kwa wale aliokuwa akiwalinda.

SIRI, NA HATARI YA ROHO

Mshauri nasaha hufungwa na amana ya siri. Neno lililosemwa kwake halifiki barazani, wala halifanywi mfano katika mawaidha, hata kama jina limefichwa, maana mtaani watu hujuana. Lakini amana hii ina mipaka, na mipaka hiyo hutajwa siku ya kwanza, kabla mtu hajafungua moyo. Mtoto akiwa anaumizwa, au mtu akikusudia kuua au kujiua, mshauri hanyamazi. Mwaka 1976 mahakama ya juu ya jimbo la California, Marekani, iliamua kwamba mtaalamu ambaye mgonjwa wake ni hatari kwa mtu mwingine ana wajibu wa kuchukua hatua ya kumkinga mtu huyo. Uamuzi huo ulisomwa na wataalamu katika nchi nyingi.

Kuhusu mtu anayetamani kufa, watu wengi huogopa kumwuliza wakidhani watamtia wazo hilo. Dhana hiyo si sahihi. Kumwuliza kwa upole na kwa wazi, "Je, umefikiri kujiua?" hakumsukumi; mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa amepata wa kumwambia. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, sumu au silaha, na umfikishe hospitali. Vivyo hivyo mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au asiyelala siku nyingi huku akifanya mambo ya ajabu, apelekwe kwa daktari. Kumbakiza mikononi mwako kwa nia njema ni kumdhulumu.

MAJIBU YA HOJA MBILI

Huenda mtu akasema: Elimu hii ni ya Wazungu, nasi twatosheka na wazee wetu.

Jawabu ni kwamba Waafrika wameichukua na kuiweka katika mikono ya wazee hao hao. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya na kuwasikiliza watu waliolemewa na ugonjwa ambao kwa Kishona huitwa kufungisisa, yaani kufikiri mno. Bibi hamwambii mtu la kufanya. Humsaidia kuorodhesha shida zake, achague moja, na atafute hatua ya kuanzia. Uchunguzi uliofanywa katika vituo 24 vya mji huo, wenye watu 573, ulichapishwa mwaka 2016, ukaonyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Basi uzee na elimu havigombani.

Mwingine aweza kusema: Mwenye imani ana haja gani na mshauri? Sala yamtosha.

Twajibu kwamba aliyevunjika mguu husali na pia hufungwa mguu, wala hapana amwonaye kuwa mchache wa imani. Sala humpa mtu nguvu ya kuikabili kweli. Mshauri humsaidia kuiona.

Na hapa hatuna budi kuwakumbusha wale wanaofundisha dini. Mtu aliyelemewa akikujia, akiwa wa dini yako au ya nyingine, udhaifu wake si nafasi ya kumvuta upande wako. Wako ambao wamebadili dini na jamaa zao wamewatenga. Mke amebaki na imani ya kwanza, au wazazi wamekataa salamu. Ukikaa na nyumba kama hiyo, wapime moyo wako kwanza. Ukiona unataka upande mmoja ushinde, sema wazi na uwapeleke kwa mwingine ambaye wote watamwamini. Hiyo ni sehemu ya ule ukweli alioufundisha Rogers.

UFANYE NINI WEWE

Hatusemi kwamba kila msomaji awe mshauri nasaha. Kazi hiyo ina mafunzo na miaka yake. Lakini yeyote atakayeendewa na nyumba yenye mgogoro aweza kuyashika mambo haya matano:

1. Msikilize aliyekuja mpaka amalize, kisha umweleze ulivyomfahamu, na umwulize kama ndivyo.

2. Usitoe hukumu kwa kumsikia mmoja.

3. Waulize peke yao habari za kipigo na hofu, kabla ya kuwakalisha pamoja.

4. Akiletwa mtoto, tazama pia wale waliomleta.

5. Ijue mipaka yako, na ujue mapema daktari au mshauri aliye karibu nawe ni nani, ili usianze kumtafuta siku ya msiba.

Kijana wa mfano wetu aliitwa mvivu, mgonjwa, na aliyeonewa jicho, na kila aliyempa jina alikuwa akimpenda. Mapenzi hayakupungua katika nyumba ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kisha akangoja jibu. Leo au kesho mtu atabisha hodi kwako akiwa na habari kama hiyo. Kabla hujafungua kinywa chako kumwusia, mpe kiti, na umpe muda.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kusikia, na atulindie nyumba zetu. Amin.